Fundi Msafi na Simu za 047

Siku Msafi alipogundua biashara yake mpya alikuwa kwa kinyozi, anasubiri zamu, na wazee watatu wa mtaa wa juu walikuwa wanazilaani simu. Simu zao za mezani, zile zinazopita kwenye kisanduku cha intaneti, zilikuwa haziishi kuita: mara umeshinda gari, mara akaunti yako inafungwa. "Angetokea mtu wa kuzizuia," mmoja akasema, "ningempa chochote." Msafi akaondoka bila kunyolewa.

Jina la Msafi alilipata kwa ovaroli yake ya bluu, ambayo ilikuwa haijawahi kuona doa wala kazi. Ufundi hakusomea popote, ila mdomo alikuwa nao. Akajipatia laini ya intaneti yenye namba za mwanzo 047, za mji wa mbali, na wiki nzima akawapigia wazee wale kwa sauti tamu: "Mpendwa mteja, hongera sana." Asubuhi, mchana, wakati wa kula. Wiki ya pili akavaa ovaroli, akapiga hodi mlango kwa mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Anafungua kisanduku kwa kompyuta yake, anazuia kila simu inayoanzia 047, anapokea chake. Kisha anaweka namba ya siri anayoijua yeye tu, kwa kuwa kuzuia kulikuwa na bei yake na kufungulia ni mara tatu. Alitoa hata dhamana: simu moja ya 047 ikipenya, anarudi siku hiyohiyo kurekebisha bure. Dhamana hiyo aliitoa kwa moyo mweupe kabisa. Fundi gani mwingine anamfahamu tapeli kwa ukaribu kiasi hicho?

Nyumba ya mwisho alimkuta mzee peke yake, karani mstaafu, amekasirika kiasi cha kukubali kuzuiliwa hata wageni wa mlangoni.

"Haiwezi kuzuia ile namba moja tu?" mzee akauliza.

"Mashine hii haichagui, mzee wangu. Ni 047 yote au basi."

"Yote."

Mkewe aliporudi kutoka dukani, mzee akamweleza kwa fahari. Mama akaweka kikapu chini taratibu.

"Umezuia 047."

"Yote."

"Na mwanao anaishi wapi?"

Mzee akafikiri. Kisha akakaa.

Binti yao alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi tisa, hukohuko 047, na mkwe aliahidi kupiga kwa simu ya hospitali mara tu mtoto akizaliwa. Simu ya mkononi ya wazee hawa ilikuwa imezama kwenye ndoo ya kufulia tangu mwezi uliopita, na namba zote ndani yake. Mama akapiga nyumbani kwa binti. Simu ikaita mpaka ikachoka. Wameshakwenda hospitali, na hospitali ipi hakujua. Mama aliogopa kweli. Akatafuta kadi ya fundi, akapiga.

"Kufungulia ni mara tatu," Msafi akasema. "Kazi yake nzito, mpendwa mteja."

Mama akaubana mkono wa simu sikioni. Miaka thelathini alikaa kwenye ubao wa simu, akiunganisha watu asiowaona, na sauti ikishaingia sikioni mwake ilikuwa haitoki tena. Hiyo "mpendwa mteja", inayovutwa kidogo mwishoni, alikuwa ameisikia mara tisa wiki iliyopita.

"Basi, acha," akasema kwa upole. "Nilitaka kukuambia yule mtu wa bahati bado anapiga."

"Haiwezekani."

"Amepiga sasa hivi."

"Mama, hawezi kuwa amepiga sasa hivi."

"Kwa nini asiweze?"

Hapo Msafi, bingwa wa maneno, akabaki na kiatu kimoja mkononi. Sababu aliijua vizuri: sasa hivi alikuwa dukani anajaribu viatu. Lakini hilo ndilo jambo moja asiloweza kumwambia mteja.

"Si ulitoa dhamana?" mama akauliza. "Au niwaambie majirani?"

Nusu saa baadaye yuko sebuleni, ovaroli inameta, moyoni anajiuliza ni nani huyu mwingine anayemharibia kazi. Akabonyeza namba ya siri. Nyuma yake mama alikuwa anapanga mito ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Ili nizuie upya, lazima kwanza niondoe," akaeleza kitaalamu.

"Ondoa, mwanangu."

Akaondoa, akaanza kutafuta kosa ambalo halikuwepo. Mama hakumharakisha. Alimletea maji, akaisifia ovaroli, akamuuliza hali ya wazazi wake. Lilipopita robo saa, simu ikaita. Kwenye kioo: 047.

"Ndiye huyo," Msafi akanong'ona, kwa hofu ya kweli.

Mama akapokea, akabonyeza spika. Ikatoka sauti ya mkwe anayelia na kucheka kwa pamoja, kisha kilio chembamba, kikali, cha mtu ambaye hajamaliza hata saa moja duniani. Wa kike. Na mama yake mzima. Mzee akafuta miwani. Msafi naye, sijui kilimpata nini, akajikuta anatabasamu.

Mama akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Mimi sauti nikiisikia mara moja siisahau," akasema. "Hiyo ya mjukuu wangu sitaisahau. Na yako pia, mpendwa mteja."

Tabasamu likabaki usoni halina pa kwenda. Akanyoosha mkono kuchukua kompyuta.

"Kaa. Nne, nne, saba, moja, tisa. Ndiyo namba yako ya siri, umeibonyeza mbele yangu, na kwa uvivu wako nina hakika ndiyo uliyoweka mtaa mzima. Majirani nitawafungulia mwenyewe. Wewe umebakiwa na kazi moja. 047 iache wazi, zuia namba moja tu."

"Mashine haichagui, mama."

"Leo itachagua."

"Namba ya nani?"

Mama akamnyooshea kidole.

Msafi akainama, akaiandika namba ya laini yake tarakimu kwa tarakimu, bila kuisoma popote. Mzee akazihakiki kwa sauti. Kisha wakamtaka ajaribu kupiga, akapiga, na simu ya mezani ikakaa kimya. Ilikuwa kazi safi, ya halali, ya kwanza maishani mwake. Mama akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru, akamkumbusha kwamba dhamana bado iko palepale.