Utepe Mwekundu Penye Jiwe

Alhamisi, 6 Juni

Nimejiandikisha! Jumapili nakimbia mbio za hisani kule hifadhini: msitu, mawe, makorongo, utelezi. Mwenye duka la magodoro ameahidi wodi ya watoto godoro jipya kwa kila atakayefika kabla ya saa sita mchana. Kuna watoto wanalala kwenye mkeka pale. Jambo jema sana. Ila humu nisijidanganye: nakimbia kwa ajili ya muuguzi wa wodi hiyo. Alimleta mpwa wake kunyolewa, akasema anapenda mwanamume mwenye pumzi. Pumzi ninazo. Navuta kutwa.

Kikwazo ni Mapafu, fundi baiskeli wa jirani. Kila alfajiri anapita mbio mbele ya saluni yangu, kifua wazi. Hana haya!

Shangazi, ninayeishi naye, amecheka mpaka akashika ukuta. Ati miguu ya kinyozi imezoea kuzunguka kiti.

Jumamosi, 8 Juni

Daktari, msimamizi wa mbio, alitaka mtu wa kufunga utepe mwekundu kuonyesha njia. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Nimeshinda msituni peke yangu. Ukungu mtupu, maji yanasikika lakini hayaonekani. Mbele kidogo njia inagawanyika penye jiwe kubwa. Kulia unapanda kilima hadi mwisho wa mbio. Kushoto unateremka korongoni, unazunguka weee, kisha unatokea palepale kwenye jiwe.

Nimefunga utepe kushoto! Mapafu atatangulia kama kawaida yake, ajitose huko. Akishapita tu, nauhamishia kulia, wengine wote wapite salama, magodoro yapatikane, na wa kwanza niwe mimi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimechanwa vizuri.

Nikakaa juu ya jiwe kupumzika. Nikamwona muuguzi akija taratibu kati ya miti, gauni jeupe, bila viatu. Nikamwambia karibu. Ulikuwa ukungu. Hata hivyo tulizungumza kwa muda mrefu.

Jumapili, 9 Juni

Kasoro moja ndogo. Ili nihamishe utepe baada ya Mapafu na kabla ya wengine, ilinipasa niwe wa pili. Hilo sikulifikiria! Kabla hata ya msitu nilikuwa wa mwisho, nyuma ya mwalimu mstaafu mwenye mkongojo. Alinitakia kila la heri.

Nikafika kwenye jiwe. Kimya. Nyayo zote zimeelekea kushoto. Zote! Na zile ndogo za muuguzi, maana naye alikimbia. Nikaita, korongo likanirudishia sauti yangu. Nikahamishia utepe kulia ili wakitokea waione njia, nikaanza kupanda.

Sijui nilipanda muda gani. Ukungu ulinifika kiunoni, miguu siioni, nikawa kama naelea. Kuna wakati nilisahau kama nakimbia. Nikachagua majina ya watoto wetu.

Ghafla uwanja, vigelegele, watu wakaninyanyua juu juu. Wa kwanza! Mimi! Kwa muda huo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote.

Kisha saa sita ikapita. Mwenye duka akashusha godoro langu, moja, lori likaondoka na mengine yote. Nikatazama viatu vyangu.

Wenzangu wakaja baadaye, matope hadi masikioni, wakiimba. Mapafu amembeba mwalimu mgongoni. Muuguzi kashika mkongojo. Alipoona lori halipo, akakaa kwenye nyasi akalia. Niliumia. Niliumia kweli.

Nikasema ni nyani waliochezea utepe. Daktari akaniuliza ni nyani gani huyo anayefunga fundo la shuka la kinyozi.

Jumatatu, 10 Juni

Muuguzi amepita saluni. Kiti nilimpa, hakukaa. Akasema godoro limepewa mtoto aliyekuwa kwenye mkeka karibu na mlango. Kalala usingizi mzito, na alipoamka akauliza nani alimkimbilia, amsalimie. Muuguzi akasema ameshindwa kumjibu. Akaondoka.

Nimelia nyuma ya pazia, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Shangazi hakunicheka, ndipo nikajua mambo ni mabaya. Nimeapa mbele yake: hila basi! Tangu leo mimi ni mtu mnyoofu.

Jumatano, 12 Juni

Mwenye duka amelegea! Mbio zinarudiwa Jumapili, magodoro yaleyale. Muuguzi yumo. Utepe kapewa Shangazi, anatembea nao kama askari. Mimi wamenikataza kukimbia, lakini daktari, kwa huruma, amenipa filimbi ya kuanzisha mbio. Kasema hapo hata mimi siwezi kuharibu kitu.

Nimeguswa sana na imani yao. Nimekaa dirishani jioni yote na filimbi mkononi, nikiwaza kwa moyo mweupe. Mapafu, nimemchunguza, hawezi kuanza mbio bila kwanza kwenda msalani.

Nimesoma sheria zote za mbio. Hakuna inayokataza filimbi kulia mtu akiwa msalani.