Kompyuta Iliyokamuliwa Mara Mbili

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Nyeri leo inauma masikio. Ukungu mpaka saa sita.

Mama Kagure, mwenye hii stall, kibanda chetu cha kazi, ametuita mimi na Wahome. Amechoka na kelele yetu. Ati mafundi wawili wa kompyuta kwa stall moja ni majogoo wawili kwa kikapu. Kuna mteja anakuja, Watiri wa Kutus, anatengeneza video za harusi na anataka mashine ya nguvu. Yule ambaye Watiri atanunua kwake, huyo abaki. Mwingine abebe bisibisi zake aende, mimi Gatimu ama Wahome, yeye hajali.

Nimeangalia kompyuta ya Wahome. Stika ya spidi ya prosesa, ule ubongo wa mashine, inasema GHz 3.4. Nikaangalia yangu. 3.4 pia. Mtu na ndugu yake. Hapo lazima akili itumike, na akili niko nayo mingi, shule ndio ilikuwa kidogo.

Jumanne, 15 Julai

Nimeona video moja kwa simu. Kumbe prosesa unaweza kuikaza ikimbie kuliko vile ilizaliwa! Wenyewe wanaita overclock. Mimi naita kuiamsha.

Nimeiamsha mpaka 4.8. Nikawasha. Ikazima. Nikafungua dirisha, ukungu ikaingia, nikawasha tena. Ikatulia. Prosesa inapenda baridi kama kabeji.

Shida ni moja. Ile ukurasa ya kueleza mashine bado inasema 3.4. Hiyo ni kama jina kwa kitambulisho, haibadiliki hata ukinenepa. Basi nimechapisha stika yangu: 5.0. Hiyo kidogo nimeongeza ni ya heshima.

Wahome amepita akasoma. Akauliza kama hiyo ni spidi ama ni bei ya maharagwe. Nikamwambia aendelee na mkokoteni yake.

Jumatano, 16 Julai

Watiri alikuja jioni. Mama mfupi, sweta mbili, maswali mingi. Stika hakuiangalia hata. Alifungua ile ukurasa ya grafu, inayoonyesha prosesa inakimbia aje saa hiyo hiyo. Ikasema 0.8. Roho ikanitoka. Akasema tulia fundi, imelala tu, haina kazi.

Akaweka flash yake, harusi nzima, akaambia mashine iipike yote iwe video moja. Ikaamka. 4.8 mpaka mwisho. Dirisha ilikuwa wazi, sote tunatetemeka. Ya Wahome ilikaa 3.4 kama jiwe.

Nikanyoosha mkono tumalize maneno. Akaniachia hewani. Kwao wanafuga ng'ombe. Ati ng'ombe ya maziwa hakuna mtu hununua ikikamuliwa mara moja. Muuzaji mjanja anaacha kukamua asubuhi ndio jioni kiwele ijae mteja afurahi. Unaikamua jioni, unaikamua tena kesho, ndio unajua lita yake ya kweli. Sasa hizi mashine pia zitakamuliwa mara ya pili. Kwake Kutus, kesho mchana.

Nikauliza hapa kuna ubaya gani. Akauliza kama harusi za watu atakuwa akikuja kuzipikia kwa dirisha yangu.

Alhamisi, 17 Julai

Kutus. Ukungu hakuna. Studio ya Watiri iko chini ya mabati, na jua imekaa juu yake kama kuku kwa mayai.

Harusi ile ile. Tulianza 4.8. Nikamkonyezea Wahome. Bibi harusi hajafika kanisani, 4.1. Kwa pete, 2.6. Kwa keki, 1.2. Watiri akauliza kama imemwagiwa uji. Nikasema inapumua.

Nikakimbia hoteli ya jirani nikaomba chupa ya maji imeganda. Nikaiweka juu ya prosesa na kitambaa. Idea ilikuwa poa sana. Barafu ikayeyuka. Mashine ikasema paf, na bibi harusi akabaki kwa skrini na keki mdomoni, halafu giza.

Ya Wahome ilitoka kanisani ikafika kwa densi na 3.4 yake. Watiri akaichukua.

Kisha akaniambia pole, na roho safi kabisa. Ati yangu ndio alikuwa amependa, ilikuwa inatunzwa vizuri. Kama ningeiacha vile ilizaliwa angebeba hiyo.



Ijumaa, 18 Julai

Mama Kagure hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kwa mlango. Wahome akanisaidia kubeba meza mpaka barabarani, na hakusema neno moja mbaya. Huyo jamaa ni mshenzi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepata kibanda Kiganjo. Nimebadilisha TV yangu na kompyuta ingine. Weekend yote nimekaa nikifikiria kosa yangu ilikuwa wapi, na nimeipata. Kosa ilikuwa Kutus.

Hii mpya nimeiamsha mpaka 5.2. Stika inasema 6.

Mteja wa kwanza ameshaingia. Abdimalik, anauza mbuzi Nanyuki. Amesoma stika akatingisha kichwa, imempendeza. Lakini mimi sasa ni mtu mwerevu, nikamuuliza kwanza mashine itafanya kazi wapi. Ati si yake, anamtumia ndugu yake aliye Garissa, kule mbuzi zinatafuta kivuli kabla ya chai ya asubuhi.



Nikamwambia Garissa haina shida. Bora tu isiwe Kutus.