Mkono wa Kulia wa Marehemu Mkunga

Jumatatu, 4 Machi
Tumevunja kalibu tuliyomiminia shaba. Sanamu ya shaba ya marehemu mkunga imetoka safi, isipokuwa mkono wa kulia. Matundu matupu! Vidole viwili havipo kabisa. Shaba iliganda kabla ya kuvifikia. Nimeufunika kwa tambara. Shemeji, kaka wa mke wangu na msuguaji wa sanamu hapa karakanani, akauliza kama sanamu inasikia baridi. Mchokozi.

Jumanne, 5 Machi
Nimetengeneza vidole vya nta na kuvipaka rangi ya viatu. Hakuna ambaye angegundua. Mwenye karakana akaitoa sanamu juani.

Saa sita vidole viliinama. Saa saba vilikuwa chini. Mwenye karakana amesema nisubu mkono mpya, yaani nimimine shaba tena, la sivyo tanuri atakabidhiwa Shemeji. Shemeji! Mtu anayeogopa kiberiti!

Jumatano, 6 Machi
Mfano wa udongo nilishauponda. Lakini kichwa changu si cha kufugia nywele: nitatumia mkono wangu mwenyewe. Shemeji alijitolea kunisaidia kumimina plasta. Nimemfukuza, ananitafutia kosa. Nimemimina kwa mkono wa kulia, nikatumbukiza wa kushoto. Plasta ikagoma kuachia. Nimerudi nyumbani na ndoo mkononi. Mke wangu akaenda moja kwa moja kuleta nyundo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeunganisha vipande vya plasta na kusubu mkono mpya. Shaba imefika hadi kwenye kucha! Nimeuchomelea mahali pake. Shemeji aliutazama, akatazama mikono yake, akarudi kusugua. Wivu.

Ijumaa, 8 Machi
Binti wa marehemu amekuja kukagua. Alisema mkono wa kulia wa mama yake ulipokea nusu ya watoto wa mtaa huu. Akaushika, akalia. Nami nikalia kidogo. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini mama yake ana mikono miwili ya kushoto.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Na Shemeji alijua tangu jana! Binti ameomba jambo moja tu: mama yake awe na mkono wa kulia. Mwenye karakana amenipa siku moja ya mwisho.

Jumamosi, 9 Machi
Suluhisho limepatikana. Mkono niliousubu Alhamisi ni mzuri mno, sithubutu kuugusa. Basi nimeukata ule mwingine, wa kushoto, na hapo nitaweka wa kulia. Mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, kama binadamu yeyote. Safari hii nimetumbukiza mkono wangu wa kulia kwenye plasta, nimehakikisha mara mbili.

Shemeji amekuja kuniwashia tanuri bila kuombwa, anatabasamu. Hatimaye ameanza kuniheshimu.