Kadi Iliyotangazwa Kufa

Waliokuwepo siku ile katika ukumbi wa michezo wa Mama Nyawech, Kakuma, ni hawa: Mama Nyawech mwenyewe, Marial aliyekuwa nahodha wa vijana wanaocheza kandanda ya kompyuta, Ekwam wa bodaboda, aliyemleta fundi na hakuwa na haraka ya kuondoka, na Fundi Wandera wa Lodwar. Kompyuta nayo ilikuwepo, ingawa kwa mwili tu.

"Inazima yenyewe, fundi," Marial alilalamika. "Unakaribia kufunga goli, mara giza! Na Jumamosi ni fainali na watu wa Kalobeyei."

"Ikizima mbele yao, hawarudi hapa tena," Mama Nyawech akasema. "Wataenda ule ukumbi mpya kando ya barabara, mimi nibaki nikicheza na viti."

Wandera alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaaluma. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Alifungua ubavu wa mashine, na macho yake yakaona mambo mawili. La kwanza lilikuwa vumbi. Alijiambia kwamba hilo ndilo linaloichemsha mashine mpaka inazima, na kulipuliza kungetosha. La pili lilikuwa kadi ya picha, kile kipande kinachochora uwanja na wachezaji kwenye skrini: kubwa, yenye feni mbili, ya aina ambayo Lodwar watu huitafuta kwa tochi. Fundi mwaminifu angepuliza vumbi. Lakini uaminifu ni kama mvua ya Turkana: huwezi kuuamuru unyeshe mahali uliposimama.

Alijipenyeza nyuma ya meza, akauchomoa waya wa skrini kwenye kadi na kuuchomeka katika tundu jingine la mashine, ambalo haliitumii kadi hata kidogo. Mchezo ulipowashwa, wachezaji walikimbia kama watu wanaovuka mto mkavu wenye mchanga wa magotini.

"Mnaona?" Wandera akavua kofia. "Kadi imekufa. Poleni sana."

"Imekufa kabisa?"

"Mama, mbele ya hawa wote nasema: imekufa. Lakini mimi ni Mkristo kama nyinyi. Nina kadi yangu ndogo, nzima. Nitawaachia hiyo, nami nibebe marehemu nikafundishie wanafunzi wangu."

"Kwani uko na wanafunzi?" Ekwam akauliza.

"Watakuja."

"Kula kwanza, fundi," Mama Nyawech akasema. "Vijana, endeleeni kucheza."

Mama Nyawech alikuwa amesomea kompyuta katika mafunzo ya shirika moja huko Kalobeyei, jambo ambalo Wandera hakujisumbua kuuliza. Juma lililopita alikuwa ameipiga mashine brashi mpaka ikang'aa, na bado ilizima jioni ile ile. Vumbi lilikuwa limerudi tu nyumbani kwake. Sasa aliuona waya katika tundu lisilo lake, akaielewa hila. Kisha, wakati Wandera akitafuna mbuzi na kusimulia jinsi alivyoziponya kompyuta za wakubwa, akagundua jambo jingine. Mechi ilijikokota, lakini ilifika mwisho. Ikafuata ya pili, nayo ikafika mwisho. Tangu waya utolewe kwenye kadi, mashine haikuzima hata mara moja. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya kadi yenyewe. Fundi alikuwa amedanganya na, kwa bahati yake mbaya, alikuwa amesema kweli.

"Nimekubali," Mama Nyawech akasema kwa unyonge wa mfiwa. "Ila funga hiyo ndogo kwanza, tuijaribu ukiwa hapa."

Kadi ndogo ikafungwa, na waya ukarudi ulikostahili. Picha hazikung'aa kama zamani, lakini wachezaji walikimbia kama watu wenye afya, na giza halikuja. Wandera aliifunika ile kubwa kwa taulo kama mtoto mchanga, akapanda pikipiki ya Ekwam mpaka stendi ya magari ya Lodwar.

Ijumaa alirudi, shati limekunjamana. Mteja wake wa Lodwar alikuwa amemrudishia kadi, pamoja na matusi ya kuifungia.

"Mama, umenipa kadi mbovu! Imezima mashine ya mtu!"

"Ejok, fundi," Ekwam akamsalimu kwa upole. "Marehemu ameamka?"

"Si wewe ulisema imekufa?" Mama Nyawech akauliza. "Sisi tukalia msiba, wewe ukaomba maiti. Sasa unashangaa haipumui?"

Marial aliangukia benchi kwa kicheko. Wandera aliisukuma kadi kubwa mezani, ingali ndani ya taulo.

"Basi nirudishie ile ndogo yangu," akasema.

Mama Nyawech alisimama, akapiga makofi, na ukumbi ukatulia.

"Wanangu, sikilizeni. Nimeamua. Fainali ni kesho, hapa hapa, na kadi ndogo haitoki. Tena, kuanzia leo Wandera ndiye fundi wa ukumbi huu. Sijawahi kuona mtu anayepatia ugonjwa hata akiwa anadanganya."