Safari Tatu za Baba Pacha Kwenda Kwa Mama Mizani

Habari hizi nilipewa na mpwa wangu, mke wa shujaa mwenyewe, wiki ya nne ya kufungiwa ndani, yeye kasimama nje ya dirisha langu, mimi ndani, sote tumejifunga vitambaa mdomoni. Basi jongeeni, enyi mlio karibu na mlio mbali, mwenye chungu motoni apunguze moto, msikie jinsi mtu mmoja alivyotoka kwenda kununua chumvi.

Alikuwako Baba Pacha, bwana wa kompyuta, mtawala wa watu laki mbili wasio na miili. Kila mkazi wa mji alikuwa nukta kwenye kioo chake, naye akiziamuru nukta zitoke na zirudi, apate kujua ugonjwa utapita wapi. Na nukta zilikuwa na adabu: kila nyumba ilitoka mara moja kwa wiki, ikanunua vya wiki nzima, ikarudi. Kwa sababu hiyo wakubwa wa mji walikusudia kuvifunga vijiduka vyote vya mitaani, lisalie soko kuu peke yake. Walingoja neno lake saa kumi alasiri.

Saa sita mkewe akachungulia. "Baba Pacha, chumvi imeisha."

Shujaa akainuka, akanena: "Ewe mama wa wanangu! Laki mbili wananitazama mimi, nami nitumwe chumvi? Nyumba hii ilikwisha kutoka juzi!"

"Hao laki mbili wanakula chakula kisicho na chumvi?"

Akavaa barakoa kama avaaye chapeo ya vita, akavuka hatua sitini na mbili za jua kali hadi dukani kwa Mama Mizani, akasimama ndani ya duara lake la chaki, nyuma ya jirani mwenye kikombe cha kupimiwa mafuta.

"Shikamoo, mama. Naomba chumvi ya wiki nzima!"

Foleni yote ikacheka ndani ya vitambaa.

"Marahaba, baba. Hapa napima ya leo. Nikikupa wewe ya wiki, huyo nyuma yako atapikia nini?"

Akarejea na chumvi ndani ya kikaratasi, ameikumbatia kama mateka wa vitani.

"Na mafuta?" mkewe akauliza.

"Hukuniambia mafuta!"

"Ulipoondoka yalikuwepo."

Akatoka mara ya pili. Akarudi na mafuta, akakuta kiberiti kimebaki njiti moja, nayo imevunjika kichwa. Akatoka mara ya tatu, jasho likimtiririka, na katika duara lilelile akamkuta yule jirani wa kikombe.

"Jirani, umerudi?"

"Vitunguu. Asubuhi ilikuwa sabuni. Kwani wewe hii ya ngapi?"

Hapo, enyi wasikilizaji, shujaa akageuka nyuma. Alitazama foleni nzima, kikombe kwa kikombe, wala hakumwona hata mmoja aliyekuwamo katika mashine yake. Watu hawa, vijiduka vikifungwa, wangekwenda mara tatu kwa siku kwenye lango moja la soko kuu, bega kwa bega, wakipumuliana.

Alinunua kiberiti, akakitia mfukoni, akakimbia hatua zote sitini na mbili. Akaketi, akafuta "mara moja kwa wiki", akaandika "mara tatu kwa siku", akavifunga vijiduka humo kwenye kioo ili aone. Nukta laki mbili zikamiminika langoni mwa soko, zikageuka nyekundu zote.

Saa kumi kasoro dakika nne akapeleka neno: "Vijiduka visifungwe. Ongezeni chaki."

Wakubwa wakajibu: "Sawa."

Hivyo ndivyo mji ulivyookolewa, na imeandikwa hapa ili isisahaulike. Usiku ulipoingia pacha wakalala, na shujaa akalala chali, kiberiti kingali mfukoni. Mkewe akaenda kufunika vyombo, akakuta sukari imeisha. Akamtazama mumewe, akamhurumia, akazima taa, naye akalala.