Vita vya Kikombe na Neno la Herufi Tatu

Sogeeni, enyi wenye masikio na muda wa kupoteza, mpate habari za Mfasiri Mkuu, simba wa nahau, mbeba kamusi wa ofisi ya tafsiri ghorofa ya pili, na jinsi alivyoingia vitani kwa ajili ya kikombe cha chai. Falme zimeanguka kwa sababu kubwa zaidi, lakini hakuna iliyoanguka kwa kelele nyingi namna ile.

Kikombe kilikuwa cheupe, na ubavuni shujaa alikuwa ameandika kwa wino usiofutika neno moja la Kiingereza: OWN. Asubuhi hiyo alikikuta mikononi mwa dada wa mapokezi, kimejaa chai pomoni.

"Ewe dada!" alinguruma. "Huoni maandishi? Neno hili ni ngome! Latangaza kwamba chombo hiki ni milki yangu, leo hata mwisho wa dunia!"

"Shikamoo kwanza, mzee wangu," alijibu dada, akiipuliza chai. "Changu si kilivunjwa? Halafu kila siku nakuita mzee wangu. Kwani nimekununua?"

Mpiga chapa wa ofisi, aliyekuwa dawati la jirani, akaangua kicheko. Shujaa, mbavu zikimuuma kana kwamba amechomwa mkuki, akaliendea kabati, akaishusha kamusi ya asili za maneno, akaifuta vumbi, akapanda juu ya kiti ili haki ionekane hata na walio mbali.

"Sikieni! Neno hili limepita miaka elfu! Kwa Waingereza wa kale maana ya shina lake ilikuwa kuwa na kitu, na katika shina hilohilo yakachipuka maneno mengine mawili: owe, yaani kudaiwa, na ought, yaani kupaswa!"

"Kumbe mwenye mali na mdaiwa ni ndugu?" aliuliza mpiga chapa.

"Tumbo moja!" alijibu shujaa kwa fahari, asione anakoelekea. "Maana ya kwanza: kumiliki. Ya pili: -a mtu mwenyewe. Ya tatu: kukiri..."

Kidole chake kikagota kwenye mstari.

"Kukiri nini, mzee wangu?"

"Kosa," alisema.

Wiki tatu nyuma, jemadari huyu alikiangusha kikombe cha buluu ambacho dada alipewa na mama yake siku alipopata kazi. Alivifunga vigae ndani ya gazeti, akavizika kwenye pipa la taka kwa heshima zote za kijeshi, kisha akamtaja mama wa usafi kuwa ndiye aliyekivunja. Meneja akamgombeza mama yule mbele ya watu, na tangu hapo dada hamsalimu mama huyo.

Angeweza kuifunga kamusi. Mkono ulikwisha kuanza kuifunga. Lakini kutoka ukumbini alisikia ndoo ya mama wa usafi ikiburutwa, akashuka kitini.

"Kikombe chako nilikivunja mimi."

Dada akaweka chai mezani polepole. "Na ukasema ni mama."

"Nilisema."

"Basi kamwambie yeye."

Hatua kumi na mbili za ukumbi hazijawahi kuwa ndefu vile kwa jeshi lolote. Mama wa usafi alimsikiliza akiwa ameegemea fagio lake.

"Wiki tatu, baba," alisema hatimaye. "Haya. Na kwa meneja unakwenda mwenyewe, au nikushike mkono?"

Akaenda mwenyewe. Andikeni basi, enyi watunza kumbukumbu: saa nne na dakika kumi asubuhi, mtu mzima mwenye shahada mbili alimwambia meneja "ni mimi" mara tatu mfululizo, na jengo halikuanguka.