Siku ya Jina la Nahodha Ilias

Watu wa bandari ya Piraeus walikuwa wameshamchoka tapeli Thrasos, ndiyo maana siku hiyo alikuwa kisiwani Poros, kichwani kofia nyeupe ya unahodha ya mtumba, akiitazama boti ya matanga isiyo na mtu. Ilikuwa imefungwa gatini na kufunikwa turubai, na vumbi lake lilitosha kumwambia mjanja yeyote kwamba mwenyewe hayuko karibu. Nyuma iliandikwa ILIAS. Mungu hamsahau mja wake, na Thrasos aliiona riziki yake ikielea.

Hata hajakohoa vizuri, akaja bibi mmoja aliyevaa nyeusi, mkononi mfuko wa mapichi. Aliitwa Evanthia. Aliuliza kama boti inakodishwa. Alitaka kumtembeza dada yake visiwani wiki moja, ila mkoba wa mjane ni mwepesi.

"Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Nahodha Ilias, bibi. Si unaona? Boti ina jina langu."

Bibi alimtazama kitambo, kama mtu anayekumbuka kitu, kisha akampa pichi moja. Baada ya hapo alimkamua bei bila huruma, mpaka wiki nzima baharini ikawa rahisi kuliko siku mbili hotelini. Bei kama hiyo ingemshtua mwenye akili, lakini Thrasos alijua kwamba aliyependa bei haulizi maswali. Wakakubaliana: malipo yote kesho asubuhi, kwenye mkahawa wa Manthos. Meli ya Piraeus ingepita mchana. Pesa mfukoni, mguu melini.

Kesho yake bibi alilipa bila hata kudai risiti. Bahasha ya pesa haijatulia kifuani, kengele za kanisa dogo la mlimani zikaanza kulia. Bibi akawageukia watu wa mkahawani.

"Jamani, leo si sikukuu ya Nabii Ilias? Na huyu hapa ni Nahodha Ilias. Mpeni heri."

Thrasos akaibana bahasha kifuani. Yeye alibatizwa Thrasyvoulos, jina lisilo na sikukuu yoyote, kwa hiyo maisha yake yote hakuwahi kuhesabu siku za watakatifu. Kumbe kwao siku ya mtakatifu ni siku ya kila mwenye jina lake, na mwenye jina ndiye anayewakirimu wengine. Sheria hiyo inawabana hata matapeli. Ilias asiyekirimu siku ya Nabii Ilias si Ilias. Na kama si Ilias, boti je?

Basi akakirimu. Ilianza kahawa. Ikafuata pombe kali ya uzo, na pweza wa kuchoma. Wavuvi walikuja kumshika mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima iliyozidi kidogo: "Miaka mingi, Nahodha." Kisha waumini wote wakateremka kutoka mlimani, padri mbele, na padri yule alikuwa na tumbo la watu wawili. Meli ilipopiga honi, Thrasos aliinuka. Wavuvi wawili wakamkalisha kwa upendo, wakamwekea samaki mwingine. Bahasha ya bibi ikaisha. Ikaingia akiba yake mwenyewe, aliyoificha ndani ya soksi. Manthos aliipokea kwa ncha za vidole.

Meli ikaondoka. Bibi Evanthia akasogeza kiti.

"Umechoka, mwanangu. Mama yako alikuitaje?"

"Thrasos," akajibu kwa sauti ndogo.

"Boti ni ya mume wangu, Ilias. Kila mwaka, siku ya leo, aliikirimu gati yote. Sasa ametangulia, na jina la marehemu halisherehekewi. Lazima awepo Ilias aliye hai. Hapa hatukubakiwa na hata mmoja. Ukatokea wewe, na kofia yako."

Thrasos akawageukia wavuvi. Wote walikuwa wameinamia glasi zao, mabega yakitikisika.

"Kumbe wote mlijua?"

"Lile turubai nimelishona kwa mkono wangu," akajibu bibi.

Hakumwitia polisi. Alimfungia pweza kwenye karatasi, akamtia mfukoni nauli ya meli ya jioni, akamnyoosha ukosi wa shati.

"Mwakani uje tena. Ila uanze kwa kufuta vumbi la boti. Ilias wangu hakupenda uchafu."

Jioni, melini, mzee mmoja aliyekaa jirani alikubali kipande cha pweza, akamuuliza jina lake. Thrasos alifungua kinywa, kisha akakifunga. Kwanza alitaka kujua kesho ni sikukuu ya nani.